Urithi wa Lodi Erroll: Kifo Kimoja, Warithi Wawili

  Maneno haya yamepigwa chapa ili aliyesikia redioni ayasome mwenyewe polepole, na aliyekosa kusikia asikose habari. Ukikutana na jina la Kizungu lililo gumu kutamka, usilipiganie. Mwalimu wako atalitamka. Wewe fuata habari.

Somo la leo ni la historia, nalo lahusu urithi. Si urithi wa shamba, wala wa ng'ombe, wala wa nyumba ya bati. Ni urithi wa cheo. Tutasoma habari za cheo cha Kiingereza kilichorithiwa mwaka 1941, baada ya mwenye cheo kuuawa usiku barabarani karibu na Nairobi. Nimeichagua habari hii kwa sababu ndani yake mna swali ambalo koo nyingi za hapa kwetu zimekwisha kuliuliza: baba amekufa, hana mtoto wa kiume, ana binti mmoja tu, na mdogo wake wa kiume yupo hai. Nani ashike?

Hapa kwetu wazee wa ukoo hukaa chini ya mti wakazungumza mpaka jua lizame. Kwa Lodi Erroll hakuna wazee waliokaa. Yalitazamwa maandiko mawili ya zamani, na maandiko yale yakatoa majibu mawili yasiyofanana.

Kwanza tujue vyeo vyenyewe. Waingereza wana vyeo vitano vya kurithiwa. Cha juu ni duki, kisha makwisi, kisha eli, kisha vaikaunti, na cha chini kabisa ni baroni. Wenye vyeo hivi, isipokuwa duki, huitwa Lodi kwa heshima, kama watu wa pwani walivyosema Mwinyi. Msivikariri vyote vitano. Vinavyotuhusu leo ni viwili tu, eli na baroni, na yatosha kukumbuka kwamba eli yu juu ya baroni. Mwanamke mwenye cheo cha eli huitwa kauntesi.

Cheo cha namna hii si kama ng'ombe. Ng'ombe 12 waweza kuwagawia wana 3, kila mmoja akaondoka na wanne. Cheo hakigawanyiki, mmoja hukishika na ndugu zake hukikosa. Hakiuzwi, wala hakiwekwi rehani. Wala mwenye cheo hawezi kuandika wosia akasema, "Kifungua mimba wangu ni mlevi, nampa mdogo wake." Wosia wake hausikilizwi kwa jambo hilo. Cheo hufuata maneno yaliyoandikwa kilipotolewa. Mfalme alipompa mtu cheo alimpa na hati, na ndani ya hati uliandikwa mstari mmoja wa kueleza nani watakirithi baada yake. Mstari huo ndio bwana wa mambo yote. Miaka 100 hupita, miaka 200 hupita, walioandika wote wamekwisha kuwa mavumbi, lakini mstari unaendelea kuamuru.

Hati nyingi zilisema kwamba cheo kitakwenda kwa warithi wa kiume wa mwili wa yule aliyepewa kwanza, waliozaliwa katika ndoa ya halali. Tuyapime maneno hayo moja moja, maana ndani yake kila neno lina kazi. "Wa kiume": binti hapati, wala mtoto wa binti hapati. "Wa mwili wake": sharti awe wa damu iliyotoka kwa yule wa kwanza, kwa hiyo mtoto wa kulea hapati. "Ndoa ya halali": mtoto wa nje hapati, hata kama baba alimpenda kuliko wote. Na kati ya wanaume waliobaki, mkubwa hutangulia, na uzao wake wote wa kiume hutangulia kabla ya mdogo wake.

Mfano uko kwa jirani zetu wa Kenya, katika ukoo wa Delamere. Ubaroni wa Delamere ulitolewa mwaka 1821. Baroni wa 3, Hugh Cholmondeley, alirithi mwaka 1887 akiwa kijana wa miaka 17. Baadaye alihamia Kenya, na mwaka 1903 serikali ya kikoloni ikampa eka 100,000 huko Njoro. (Tuseme wazi: cheo alikipata kwa baba yake, lakini eka zile alipewa na serikali ambayo mwaka 1904 iliwahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa.) Alifariki mwaka 1931. Mwanawe Thomas akawa baroni wa 4, akafariki mwaka 1979. Mwana wa Thomas akawa wa 5, naye akafariki mwaka 2024. Lakini mwana wa huyu wa 5, ambaye angekuwa mrithi, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2016, kabla ya baba yake. Je, cheo kilipotea? La. Kilimruka marehemu kikamshukia mwanawe, yaani mjukuu wa baroni wa 5. Kwa ukoo huo mambo yalikuwa mepesi kwa sababu wanaume hawakukosekana. Kwa Erroll walikosekana.

Josslyn Hay alizaliwa London mwaka 1901. Baba yake alikuwa mwana mkubwa wa Eli wa Erroll. Erroll ni cheo cha Uskoti, kaskazini ya Uingereza, nacho kilianza katika karne ya 15. Kwa hiyo kijana huyu alizaliwa katika jina kubwa. Mali, hapana. Ngome ya ukoo wao, iitwayo Slains, iliyokuwa juu ya majabali kando ya bahari, babu yake aliiuza mwaka 1916. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana wengi hudhani kila lodi ni tajiri. Ngome iliuzika kwa sababu ilikuwa mali. Cheo kilibaki kwa sababu hakuna awezaye kukiuza.

Mwaka 1923 Josslyn alimwoa Idina Sackville, na mwaka 1924 wakaenda Kenya, wakakaa upande wa bonde la Wanjohi, chini ya milima ya Aberdare, pamoja na masetla wengine wa kizungu waliojulikana kwa ulevi na kwa kuchukuliana wake. Tarehe 5 Januari 1926 walipata binti, wakamwita Diana. Babu wa Josslyn alifariki mwaka 1927, na baba yake akafuata mwezi wa Februari mwaka 1928. Hivyo kwa muda mfupi sana, bila kufanya kazi yoyote ya kukistahili, Josslyn akawa Eli wa 22 wa Erroll. Alikuwa na miaka 26.

Ndoa ile ilivunjika mwaka 1930. Binti alilelewa Uingereza na jamaa. Josslyn akaoa mke wa pili, ambaye alifariki mwaka 1939, na katika ndoa hiyo hakupatikana mrithi. Katika siasa, mwaka 1934 alijiunga na chama cha Mafashisti wa Kiingereza. Mwaka 1939 masetla wa Kiambu wakamchagua kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Vita vilipoanza alipewa kazi ya katibu wa kijeshi huko Nairobi.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941 alikutwa ndani ya gari lake, kandokando ya barabara upande wa Karen na Ngong, amepigwa risasi ya kichwa. Alishitakiwa Sir Jock Delves Broughton, ambaye mke wake alikuwa akipendana na marehemu. Mwezi wa Julai mahakama ikamwachia huru, na tangu hapo hakuna mwingine aliyeshitakiwa. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya nani aliyeshika bastola ile, na watu wa Nairobi wameizungumza habari hiyo kwa miaka mingi. Mimi naona wameng'ang'ania sehemu iliyo nyepesi. Swali la nani aliyeua halikujibiwa na mahakama. Swali la nani aliyerithi lilikuwa na jibu kamili, na jibu lenyewe ni la ajabu zaidi.

Mwalimu, simamisha hapa kidogo. Waulize wanafunzi wataje wanaodhani watarithi, kisha endeleeni kusoma.

Siku ile Josslyn alipokutwa amekufa, binti yake alikuwa na miaka 15 na siku 19. Marehemu alikuwa na mdogo wake pia, Gilbert Hay, mtu mzima mwenye mtoto wa kiume. Kwa Diana, Gilbert alikuwa baba mdogo. Basi wako wawili: msichana aliye bado chini ya ulezi, na mwanamume mzima wa ukoo ule ule.

Wengi wetu tungesema baba mdogo ashike, na binti atunzwe. Wengine wangesema mtoto wa marehemu ni mtoto wa marehemu. Lakini kilichoamua hakikuwa maoni ya mtu. Josslyn alikuwa na vyeo viwili, si kimoja. Alikuwa Eli wa Erroll, na tena alikuwa Baroni Kilmarnock. Ueli ulikwenda kwa binti. Diana, mtoto wa shule, akawa Kauntesi wa 23 wa Erroll. Ubaroni haukumtaka binti. Ukamruka, ukaenda kwa baba mdogo, na Gilbert akawa Baroni Kilmarnock wa 6.

Je, vyeo viwili vilivyokaa katika mtu mmoja viliachanaje? Turudi nyuma tuvitazame mahali vilipotoka.

Ueli wa Erroll ulikuwa wa Uskoti, na baadhi ya vyeo vya zamani vya Uskoti viliruhusu binti kurithi pasipo na mtoto wa kiume. Wala Diana hakuwa wa kwanza. Mwaka 1717 Eli wa 13 alifariki bila kuoa, na dada yake Mary akawa Kauntesi wa 14. Mary hakuacha mtoto. Alipofariki mwaka 1758, ueli ulikwenda kwa James Boyd, mjukuu wa ndugu yake wa kike Margaret. Tazameni njia hiyo: kutoka kwa Mary kwenda kwa tumbo la Margaret, kutoka kwa Margaret kwenda kwa binti yake, na kutoka kwa binti yule kwenda kwa James. Cheo kilipita kwa wanawake kama maji yanavyopita mferejini. James aliacha jina la Boyd akachukua jina la Hay, kwa kuwa sasa alikuwa mkuu wa ukoo wa mama zake. Baba yake mwenyewe, aliyekuwa Eli wa Kilmarnock, alikatwa kichwa mwaka 1746 kwa kuasi mfalme, na cheo chake kikafutwa.

Sasa ubaroni. Mwaka 1707 Uskoti na Uingereza ziliunganishwa kuwa na Bunge moja huko London. Malodi wa Uskoti walikuwa wengi, na Waingereza hawakutaka wote waingie katika Baraza la Malodi. Wakaamua kwamba malodi wa Uskoti watachagua wenzao 16 tu wa kuwawakilisha. Hivyo mtu aliweza kuwa eli wa Uskoti wa cheo cha kale, na bado akabaki nje ya mlango, huku baroni wa Kiingereza wa juzi amekaa ndani. Dawa ilikuwa kumpa eli huyo cheo kingine, hata kidogo, chenye kiti. Ndivyo alivyofanyiwa Eli wa 18 wa Erroll mwaka 1831. Alifanywa Baroni Kilmarnock, akapata kiti chake. Lakini hati hii mpya ilikuwa na mstari wa kawaida: warithi wa kiume tu.

Na kwa nini yeye? Kwa sababu mfalme wa wakati huo, William wa 4, alikuwa baba mkwe wake. Hapa nitapinda kidogo, maana ni habari tamu na inatusaidia. Mfalme William alizaa watoto 10 na mwanamke mmoja mchezaji wa michezo ya kuigiza, Dorothea Jordan, bila ndoa. Mmoja wa watoto hao, Elizabeth, ndiye aliyeolewa na Eli wa Erroll. Watoto 10, na hata mmoja hakuweza kurithi kiti cha baba, kwa ajili ya yale maneno "ndoa ya halali". Binti zake wa ndani ya ndoa walikufa wakiwa wachanga. Basi William alipofariki mwaka 1837, ufalme wa Uingereza ulikwenda kwa mtoto wa ndugu yake, msichana wa miaka 18 aliyeitwa Victoria.

Lakini William alikuwa mfalme wa nchi mbili: Uingereza, na Hanover katika Ujerumani. Sheria ya Hanover haikumkubali mwanamke maadamu mwanamume wa ukoo yupo. Kwa hiyo Uingereza ilikwenda kwa Victoria, na Hanover ikaenda kwa baba yake mdogo, Ernest Augustus. Falme mbili zilizokuwa na mfalme mmoja tangu mwaka 1714 zikaachana siku ile moja. Msichana akapata kubwa, baba mdogo akapata ndogo. Mnaona? Ni kama habari ya Diana na Gilbert, miaka 104 kabla yao, tena katika familia ile ile, maana Diana alikuwa wa uzao wa mfalme William kwa njia ya Elizabeth.

Tangu mwaka 1831 hadi mwaka 1941, miaka 110, ueli na ubaroni vilitembea pamoja. Kila mara mwana alimrithi baba: wa 18, wa 19, wa 20, wa 21, wa 22. Vilionekana kama kitu kimoja, kama watu wawili wanaokaa chini ya mwavuli mmoja. Alipokosekana mwana wa kiume, kila kimoja kikafuata karatasi yake. Gilbert akaacha jina la Hay mwaka huo huo wa 1941, akarudia jina la kale la Boyd, lile ambalo James alilivua mwaka 1758.

Sasa tupime nani alipata nini. Diana alipata cheo cha juu zaidi, na tena utumishi wa heshima wa Konstebo Mkuu wa Uskoti, ambao ukoo wa Hay umeushika kwa kurithiana tangu enzi za mfalme Robert Bruce. Lakini kiti cha Bungeni kilifuata ubaroni. Gilbert, mwenye cheo kidogo, aliweza kuingia na kupiga kura. Kauntesi, mwenye cheo kikubwa, alibaki nje kwa sababu mbili: cheo chake kilikuwa cha Uskoti, na yeye alikuwa mwanamke. Naam, hata kuchaguliwa miongoni mwa wale 16 hakuweza. Mtu aliambiwa: jina ni lako, sauti si yako. Nadhani mama zangu wanaosoma habari hii wanaielewa bila mimi kuongeza neno.

Mwaka 1958 Waingereza waliwafungulia wanawake mlango wa Baraza la Malodi kwa mara ya kwanza. Lakini hao walikuwa wanawake waliopewa cheo cha maisha yao tu, kisichorithiwa. Wale waliorithi waliendelea kungoja hadi mwaka 1963. Mwaka huo Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Vyeo. Iliyoleta sheria hiyo haikuwa huruma kwa wanawake. Ilikuwa shida ya mwanamume mmoja, Tony Benn, mbunge aliyechaguliwa na watu. Baba yake, Vaikaunti Stansgate, alifariki mwaka 1960, na cheo kikamwangukia Benn bila yeye kukitaka. Kwa kuwa lodi hakuruhusiwa kukaa katika Bunge la kuchaguliwa, alinyang'anywa ubunge wake. Alipigana miaka mitatu mpaka sheria ikamruhusu mtu kukikataa cheo alichorithi. Katika sheria hiyo hiyo malodi wote wa Uskoti walipewa viti, na wanawake waliorithi vyeo wakapewa viti vilevile. Miaka 22 baada ya kurithi, Kauntesi wa Erroll akawa na haki ya kuketi na baba yake mdogo katika baraza moja.

Mwaka 1963 huo huo mambo ya urithi yalikuwa yakiamuliwa hata hapa kwetu, na hatuwezi kuupita bila kugeuza uso. Waingereza walipotawala Tanganyika walituletea macho yao ya kutazama vyeo. Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926, alitaka kila nchi itawaliwe na mkubwa wake wa asili, na mabwana shauri wakazunguka wakiuliza nani mrithi wa haki. Mahali penye utemi wa kale walipata jibu. Kwa Wanyaturu walipata taabu, maana wenyewe waliongozwa na wazee wa koo, na utemi wa mtu mmoja juu ya wote ulikuwa jambo lililoletwa na wakoloni. Basi mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru iliondoa kwa sheria mamlaka ya watemi wote. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa mtemi, Burito wa Wazanaki, na uamuzi huo haukumzuia.

Utemi ulikwisha, lakini urithi wa shamba haukwisha. Mwaka ule ule serikali iliandika mila za urithi kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, katika Tangazo la Serikali namba 436. Iliwapanga warithi kwa madaraja: la kwanza ni mwana mkubwa wa kiume, la pili wana wengine wa kiume, la tatu mabinti. Juu ya ardhi ya ukoo, mwanamke aliruhusiwa kuitumia maisha yake yote, lakini si kuiuza, isipokuwa kama hakuna mwanamume wa ukoo huo aliyebaki. Someni tena polepole. Ni mstari kama ule wa hati ya 1831, ila huu ulihusu migomba na mashamba ya watu maskini, si viti vya malodi.

Mstari huo ulifikishwa mahakamani. Mkoani Kagera mwanamke mmoja aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, naye akaliuza kwa mtu wa nje. Mwanamume wa ukoo wao akashitaki kwamba mwanamke hana haki ya kuuza. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu, huko Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya alisema kwamba mila ya kumnyima mwanamke haki aliyonayo mwanamume inapingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba yetu mwaka 1984, akakataa rufaa ya yule mwanamume. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, ikaandika wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Mnaposikia mtu kijijini akisema "ndivyo ilivyoandikwa", mwulizeni imeandikwa wapi, na mwaka gani.

Kwa Waingereza mambo yalikwenda nusu. Sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwaka 2015, ilisema kwamba katika ufalme mtoto mkubwa atatangulia, awe wa kike au wa kiume, kwa wale waliozaliwa baada ya tarehe 28 Oktoba 2011. Vyeo vya malodi havikuguswa na sheria hiyo. Mfalme alibadilishiwa mstari wake. Maduki na mabaroni waliachiwa yao.

Gilbert alifariki mwaka 1975, na ubaroni ukaenda kwa mwanawe Alastair Boyd. Kauntesi Diana alifariki tarehe 16 Mei 1978, na mwanawe Merlin, aliyemzaa katika ndoa yake na Sir Iain Moncreiffe, akawa Eli wa 24 wa Erroll. Alichukua jina la Hay, la ukoo wa mama yake, kama James alivyofanya. Kwa hesabu yetu ya ujamaa Alastair alikuwa mjomba wa Merlin, na kwa muda wa miaka 21 wote wawili walikuwa na viti katika Baraza la Malodi, kila mmoja na cheo chake. Mwaka 1999 sheria mpya iliwatoa waliorithi vyeo karibu wote katika baraza hilo, wakabakizwa 92 tu. Wengi wa hao 92 walichaguliwa kwa kura za wenzao, na Merlin, aliyepata cheo kwa mama yake, alikuwa mmoja wa waliochaguliwa.